Mtaalamu wa Mkeka wa Umeme

Mkeka ulizima tena, na mama mmoja mwenye ndoo tatu kichwani akabaki amesimama katikati ya ukumbi akiuliza kama amefika.

"Bado, mama. Tembea tu kwa miguu," Badria alimwambia, uso ukimuwaka kwa aibu.

Kwenye michoro iliitwa njia inayotembea: mkanda mpana wa chuma unaompokea mtu mlangoni, upande wa Gerezani anakoshukia basi, na kumfikisha kwenye maduka ya Mkunazi Plaza, Kariakoo, bila yeye kunyanyua mguu. Watu wa sokoni hawana muda na majina marefu. Wakaiita mkeka, basi, ikawa mkeka. Badria ndiye aliyeusanifu, na ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Sasa tangu uzinduliwe ulikuwa unazima ovyo, hasa watu wakijaa. Jioni hiyo wenye maduka walikuwa na kikao cha kuamua ubaki au ung'olewe, ukumbi ukatwe vizimba vya kuuzia nguo. Na ukishang'olewa wa kwanza, nani atampa wa pili?

Mwenyekiti wao, Mzee Abdulmajid, alikuja akiburuza makubadhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkeka umezingua tena?"

"Kidogo tu. Nautafutia dawa."

"Usijisumbue. Tumeshaita mtaalamu, yuko njiani."

Neno hilo lilimchoma Badria. Kwa hiyo yeye aliyesomea mambo hayo miaka yote alikuwa nani, muuza karanga?

"Wa kampuni gani?" aliuliza.

"Hana kampuni, anajitegemea. Unalijua lori la Hamud? Lilikuwa likifika Magomeni linazima, mafundi wote wakanyoosha mikono. Huyu alilizunguka mara moja tu, na mpaka leo linadunda." Mzee alishusha sauti. "Ameomba jina lako kamili na la mama yako. Nimempa."

Badria hakushangaa. Siku hizi hata benki wanataka jina la mama.

"Akauliza pia nani aliyeukanyaga mwanzo siku ya uzinduzi. Nikamwambia ni wewe. Na amekataza pale chini pasifunguliwe wala pasifagiliwe mpaka afike."

Aha, ndiyo mchezo wenyewe huo. Mtu anataka akute kila kitu kama kilivyo, amwonyeshe mwenyekiti kosa la msanifu, kisha kazi aibebe yeye. Badria aliona kabisa kitumbua chake kinaingia mchanga. Aliketi, akainuka. Akazifungua hesabu zake za mwendo na uzito, akazifunga. Kila mwanamume aliyeingia na begi alimfanya ashtuke, hata yule aliyekuwa anauza chaja.

Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, uvumilivu ukamwishia. Akatia bisibisi, akafunua bamba la sakafu pale mkanda unapozama chini ya meno ya chuma.

Mchele. Punje kwa punje, zimeshindiliwa kwenye meno kama mtu kazipanga. Wachukuzi walikuwa wanapita na magunia yaliyotoboka, punje zinadondoka kwenye mifereji ya mkanda, zinafika kwenye meno, zinayanyanyua kidogo, na swichi ya usalama inazima kila kitu kama ilivyofundishwa. Badria alicheka peke yake, akasikia machozi yanamlenga. Hesabu zake hazikuwa na kosa. Alikuwa ameusanifu mkeka kwa ajili ya watu na mabegi yao, akasahau kwamba hapa ni Kariakoo.

Alichomoa kila punje. Akavuka barabara kwenye duka la vifaa, akarudi na brashi ndefu za nyuzi ngumu, akazifunga kwa skrubu kabla ya meno ili zikusanye uchafu wote. Kisha akawasha.

Ukatembea. Wakapita wachukuzi na magunia, akina mama na watoto, wanaume wawili na jokofu, na haukuzima. Watu waliporudi kwa wingi jioni haukuzima. Badria alikwenda nao, akarudi nao, akaenda tena, na bado roho ilikuwa juu, maana mtaalamu hajafika na bamba lilikuwa limefunguliwa kinyume cha agizo lake.

Mtaalamu aliingia karibu na saa ya kikao, akiongozana na Mzee Abdulmajid. Kijana tu, shati limepigwa pasi, miwani myembamba, begi la kompyuta begani. Badria alijikaza, akamwendea na michoro mkononi.

"Karibu, kaka. Nikuambie ukweli, pale chini nimefungua. Ulikuwa mchele kwenye meno. Nimeutoa, na mkeka haujazima tangu mchana."

Mzee alimtazama kijana kwa mshangao. "Si unaona? Tangu uniambie umefika Chalinze, haujazima hata mara moja."

"Nilijua utatulia," kijana alijibu.

"Ni mchele, mzee," Badria alisema, akimnyooshea kijana karatasi. "Chukua michoro, kaka, angalia mwenyewe."

Kijana hakuigusa michoro, wala mkeka hakuutupia jicho. Alifungua begi, akatoa shuka jeupe, akalitandika sakafuni, akaweka kitezo cha udi pembeni yake.

"Mashine haina neno, dada," alisema kwa upole. "Vua viatu, ukae hapa uelekee kibla. Huyo aliyekukalia tutamtoa kabla ya kikao."