Gauni la Bi Rukaiya

Katika darasa la Kiingereza la watu wazima, mwalimu alitaka kila mmoja ataje kazi aliyompa mtu mwingine amfanyie. Mzee Kombe alikuwa ametengenezesha baiskeli. Jirani yake alikuwa amezibisha paa. Zamu ya Bi Rukaiya, fundi cherehani, ilipofika, vicheko vilianza kabla hajainuka, maana wiki iliyopita, kwa swali hilohilo, alisimama hapohapo akakosa hata mfano mmoja. Miaka thelathini ameuvisha mji mzima, na kila alichovaa alijishonea mwenyewe.

"Haya, Bi Rukaiya," mwalimu alisema. "Au tukuruke?"

"Thubutu!"

Akasimama, akazunguka taratibu ili gauni lake jipya la samawati lionekane mbele na nyuma. Kisha akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kama mshono wake, kwamba gauni hili amemshonesha Siwema, mwanafunzi wake wa cherehani.

Darasa zima likampigia makofi. Mzee Kombe akapiga na meza.

Alipoketi, akaona uzi umechomoza kwenye pindo. Vidole vyake vikaushika. Mkasi ulikuwemo mkobani. Akauachia uzi, ukaning'inia na kupepea mbele za watu wote.