Mganga Aliyechechemea

Palikuwa na kuku mkongwe, Bi Mize, aliyetibu miguu ya banda zima lakini wake mwenyewe hakutaka uguswe. Alianza kuchechemea, akaacha kupanda kichanja cha kulalia, na kila alipofika kwenye pumba alikuta wenzake wamemaliza. Akakonda. Akiulizwa, alisema, “Ni uzee tu,” maana aliona haya, yeye mganga, kuonekana mgonjwa.

Jirani yake, bata Kidawa, alimpenda kama mama, na alikuwa ameuona wayo wa mguu ule mbovu siku Bi Mize alipojilaza juani. Asubuhi moja akamjia.

“Bibi, nina rafiki yangu anachechemea. Wayo umevimba, una moto, na katikati pana kigaga cheusi. Anasema ni uzee.”

“Uzee gani!” Bi Mize akafoka. “Hicho ni kidonda, kinamla ndani kwa ndani! Aloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asafishwe, afungwe kitambaa safi, na alalie majani makavu mpaka apone. Tena umwambie ana kichwa kigumu!”

Kidawa akasogeza beseni la maji alilolificha nyuma ya mlango.

“Bibi, una kichwa kigumu. Haya, lete mguu kabla maji hayajapoa.”

Bi Mize akamtazama, akayatazama maji, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akautumbukiza mguu, akashusha pumzi.

Baada ya wiki chache alikuwa juu ya kichanja, akiwagombeza vijana wampishe.