Shira ya Zambarau

Baridi ilipotia mguu mjini, Bi Nuriati, ambaye shira yake ya zambarau na tangawizi ilisifiwa mitaa yote kwa kufukuza mafua, aliamka pua imeziba. Alipoionja shira iliyokuwa ikichemka jikoni, aliona kama anakunywa maji.

"Ongeza tangawizi," alimwamuru Mwajabu, mke wa mwanawe.

Tangu aolewe, kazi ya Mwajabu ilikuwa kukamua zambarau tu. Kuonja hakukuwa kazi yake. Lakini mvuke ulikuwa tayari unamchoma koo, na majirani walishapanga chupa zao kibarazani.

"Hapana, mama. Ukali umetosha. Ulimi wako ndio unaumwa."

Bi Nuriati alimkazia macho. Kisha akapiga chafya, na chafya ikafuatwa na kicheko kilichomtoa machozi.

"Wakijua nina mafua, nimekwisha," alinong'ona, akampa upawa. "Haya, mwanangu, mganga leo ni wewe."

Mwajabu akaonja, akakamulia ndimu, akaepua. Alimwita jirani wa kwanza, akamnywesha kijiko. Jirani akafumba macho, midomo imemwiva zambarau, na wakwe wawili wakasimama bega kwa bega wakingoja ameze.