Upande wa Pili wa Sinia

Siku nzima mipira ya gofu ya Sudi iliishia mchangani, na kila mara Makame alimwambia, "Usijali, shemeji, tumekuja kupumzika." Makame ndiye aliyemlazimisha kuja mji huu wa pwani wikendi hiyo, baada ya arobaini ya Zuhura kwisha. Zuhura alikuwa mke wa Sudi, na kwa Makame alikuwa dada.

Jioni waliketi kwenye mkahawa ulio karibu na bahari, mabega yakiwauma. Mhudumu aliwanawisha mikono, akawawekea sinia moja la wali na samaki wa kupaka. Makame alianza kula upande wake huku akieleza watakavyocheza kesho. Halafu akaitazama mikono ya Sudi.

Sudi alikuwa akimchambua samaki taratibu, kope zikimlemea kwa uchovu. Miiba aliiweka ukingoni. Mnofu wa shavuni, ule mtamu kuliko yote, aliusukuma hadi upande wa pili wa sinia, mbele ya Makame. Kisha akasukuma mwingine. Yeye mwenyewe hakuwa ametia hata tonge mdomoni.

"Shemeji," Makame alisema, "na wewe kula basi."

"Kula kabla hakijapoa," Sudi alijibu bila kuinua macho, kwa sauti laini ya mume kwa mkewe, ambayo Makame hakuwahi kuisikia. "Miiba nimekutolea yote."

Makame akauchukua ule mnofu, akala. Alipoumeza, vidole vya Sudi vilikuwa vimeshamletea mwingine.