Ngumi ya Mwisho

Mwalimu Shekue, bingwa wa karate aliyegeuka mwongozaji wa filamu, alimwamuru fundi wa sauti aiweke chini kabichi aliyokuwa akiipiga kwa rungu kutengeneza mlio wa ngumi za waigizaji.

“Ngumi ya mwisho iachwe kimya.”

“Watazamaji watazomea, Mwalimu,” alionya Bi Siwema, mfadhili wake. “Wakizomea, sikupi filamu nyingine.”

“Bi Siwema, umewahi kuvunjwa ubavu kwa ngumi?”

“Mungu apishe mbali!”

“Mimi nilivunjwa ulingoni. Sikusikia mlio wowote.”

Siku ya uzinduzi, ukumbi ulishangilia kila kishindo cha kabichi. Kisha ngumi ya mwisho ikatua kimya. Hakuna aliyezomea. Katika safu ya mbele, Bi Siwema alikuwa ameushika ubavu wake kwa mikono miwili.