Sanamu ya Kivulini

Fundi cherehani aliingia kwenye bustani ya sanamu akiwa na shati chafu la mume wake ndani ya mkoba. Alikuwa amekataa kulifua. Alilitaka hivyo hivyo na uchafu wake, amtupie usoni jioni akirudi.

"Dada, hilo shati si ungeliacha nyumbani?" mdogo wake alimwambia. "Nimekuleta huku upumzishe kichwa."

"Kitapumzika nikishaachika."

Mwanamke wa tiketi pale langoni alikuwa mcheshi. "Mziangalie zote vizuri," alisema. "Wengi hutoka hapa wanacheka."

Fundi alimpita tu. Damu ilikuwa inamchemka tangu asubuhi. Safari hii ilipangwa iwe ya familia nzima, na mume wake, karani wa kampuni ya bima, akasema hawezi, ana kazi. Kazi siku ya mapumziko! Ikabidi watoto wapelekwe kwa bibi yao, wakalia njia nzima. Na ni bima gani hiyo inayomrudisha mtu nyumbani ananukia mafuta ya uso, kola imejaa poda inayometameta, ile wanayojipaka wanawake juu ya macho? Hata bosi wake, aliyekuwa akimsema kila siku mezani, siku hizi hamtaji. Fundi alipiga simu ofisini. Binti wa mapokezi akasema hayupo, akakata.

"Ukimuuliza mwenyewe anasemaje?" mdogo wake aliuliza.

"Anasemaje! Anakaa kama gogo. Namfokea mpaka sauti inanikauka, yeye hata jicho hapepesi."

"Shemeji naye! Halafu hapo ameshika kikombe, kidole juu, utadhani balozi."

Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa mume kilibanwa na mlango wa lifti miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hakikunjiki. Utani wa balozi ulikuwa wa zamani, na mwenyewe alikuwa akiucheka kuliko wote. Leo fundi aliusikia kama tusi.

"Sasa hivi hicho kikombe anakishikia kwa huyo mwenye poda," alisema.

Wakampita tembo wa vyuma chakavu, watoto wamejazana mgongoni kwake. Wakampita samaki wa zege na mwanamke wa jiwe aliyepakata mtoto wa jiwe. Watu walizishika sanamu, wakaziegemea, wakapiga picha. Mdogo mtu alisifia kila kitu kwa sauti, na fundi alitamani amwambie anyamaze.

Mwisho wa njia, chini ya mti, palikuwa na mwanamume wa shaba. Alivaa koti refu na kofia, miwani ya duara, ndevu zimejaa kifuani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja wazi, na mtu alikuwa ameweka ua ndani yake. Sanamu nyingine zote zilichomwa na jua. Hii ilikuwa kivulini, tena imezungushiwa kamba.

"Zile shikeni mnavyotaka," mlinzi aliwaambia watoto. "Hii hapana."

Mdogo mtu akaenda kununua maji. Mlinzi naye akaitwa kwa tembo, mtoto amekwama. Fundi akabaki peke yake na yule mtu wa shaba, na mkono ule ulionyooshwa ukazidi kumuudhi.

"Na wewe unaomba nini?" alisema. "Nyote mnajua kuomba tu."

Akachomoa shati mkobani, akalikunjua mbele ya ile miwani.

"Ona hii kola. Niliishona mwenyewe, nikaifumua, nikaishona tena ili isimkwaruze shingo. Kumbe namwandalia mwanamke mwingine pa kujifutia."

Alijua anaonekana kichaa. Hakujali. Hapa walau hakukuwa na mtu wa kumwambia apunguze sauti.

"Tena si mwanamke tu," aliendelea. "Angesema. Neno lolote, hata liwe baya namna gani. Ningekasirika, ningevunja sahani, halafu tungekaa tukala kwenye zilizobaki. Lakini ananinyamazia! Ndani ya nyumba yangu nanyamaziwa kama mgeni."

Sanamu ilimtazama. Fundi alipangusa macho kwa lile shati, poda ikamwasha, hasira zikapanda upya.

"Basi. Jioni nawapitia watoto, tunabaki huko huko kwa mama. Yeye atalikuta shati lake kitandani, alale nalo."

Pete ya ndoa ilikataa kutoka kidoleni. Kiungo kilikuwa kimevimba kwa kazi ya mkasi. Akailowesha kwa mate, akaivuta, ngozi ikachubuka, ikatoka. Akajinyoosha juu ya kamba, akaiweka katika kile kiganja cha shaba, kando ya ua.

"Nishikie wewe," alisema, "maana mwenyewe haonekani."

Akageuka, akaondoka kwa hatua za haraka. Njiani alipishana na wale watoto waliokuwa kwenye tembo wakirudi mbio. Hakufika mbali, akawasikia wanapiga mayowe nyuma yake. Akageuka awakemee.

Hawakuwa wamegusa kitu. Walisimama nje ya kamba, midomo wazi, wakiutazama ule mkono wa shaba ukijikunja taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, ukiifumbata pete. Kidole cha mwisho tu ndicho kilichobaki kimenyooka.