Wodi ya Khanga

Cheni ya baiskeli ilipochomoka mara ya tatu, Raheli alishuka kwenye keria akajishika kiuno. Uchungu ulikuwa umeshika kasi, na hospitali ya Kilosa bado ilikuwa mbali.

"Kule Bulgaria," mumewe alisema, mikono imejaa grisi, "ungepiga simu tu. Gari linakuja, kitanda kinakuja, lifti inakupandisha..."

"Nyamaza, mwanamume wewe!"

Mumewe alisomea ushirika huko miezi sita, akasimulia mwaka mzima. Raheli alikuwa hamalizi tonge la ugali bila kuambiwa kwamba mkate wa Bulgaria huumuka mpaka ukamfikia mtu kifuani.

Alitembea hatua kumi tu, akapiga magoti kando ya shamba la ujamaa. Wanawake waliokuwa wakipalilia karanga walitupa majembe, wakaja mbio wakivua khanga za mabegani, wakazishikanisha zikawa ukuta. Mkunga wa kijiji, bibi mfupi mwenye udongo mpaka viwikoni, alinawa kwa maji yao yote ya kunywa.

Mume alichungulia. "Bibi, kule madaktari huvaa glovu..."

"Na waume huko hukaa wapi?"

"Nje, bibi. Wanangoja nje."

"Haya, kangoje nje."

Akageuka huku na huku. Karanga zilimfika vifundoni, na kuanzia pale hadi milimani hapakuwa na mlango wala ukuta.

"Sasa nje ndiyo wapi?"

"Wewe tembea!" Raheli alifoka kutoka ndani ya khanga. "Tembea mpaka nisikusikie!"